Maktaba Hairithiwi

Kila asubuhi Anyesi alifagia uwanja, akakoroga uji wa uwele, kisha akakaa barazani kuchambua mlenda. Upepo wa mtaa wao wa Ihumwa ulileta vumbi jekundu, naye akafagia tena. Tangu mumewe, Sila, afariki, kazi za nyumbani ziliisha mapema mno.

Mbele ya nyumba yake palikuwa na chumba kimoja cha matofali ya kuchoma. Hicho kilikuwa maktaba ya mtaa. Sila, mstaafu wa reli, alikifungua kila jioni, na watu walikuja kuazima vitabu. Sasa kilikuwa kimefungwa, na ufunguo Anyesi aliufunga kwenye pindo la khanga yake.

"Shikamoo, bibi," watoto walimwamkia. "Maktaba itafunguliwa lini?"

"Marahaba. Mwenyewe amekufa, wajukuu zangu."

Mwishowe hawakuuliza tena.

Siku moja alikuja Joshua, mdogo wake Sila, fundi seremala wa Kizota. Alikodi pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo.

"Mbukwa, shemeji," alisalimia kwa Kigogo. "Nimefuata mali ya marehemu. Zile rafu nilizitengeneza mimi. Na vitabu havikosi mnunuzi."

Anyesi hakubisha. Alidhani ndivyo urithi ulivyo. Wakaenda wote wawili kufungua mlango.

Harufu ya udongo iliwapokea. Mchwa walikuwa wamepanda ukutani na kuingia katika rafu za chini. Anyesi alichukua kitabu kimoja. Jalada lilikuwa zima, lakini alipolifunua, karatasi hazikuwepo. Udongo ulimwagika miguuni pake.

"Jamani, Sila amekufa tena!"

Alikaa sakafuni akalia. Hata siku ya maziko hakulia hivyo.

Kilio kilimfikia jirani yake, Evarista, aliyefanya kazi katika maktaba moja mjini. Alikuja mbio, akamshika mabega.

"Pole, mama. Pole sana."

"Sijui hata vilisema nini, mwanangu. Sijui kusoma."

Evarista alishtuka. "Mzee hakukufundisha?"

"Kila mara aliniambia, kesho, mke wangu. Wageni walikuwa wengi."

Joshua alianza kutoa vitabu vya rafu za juu, vilivyosalimika. Evarista akamsimamisha.

"Subiri kidogo, kaka. Mama Anyesi, chumba hiki kilijengwa na nani?"

"Wakazi. Sisi wanawake tulibeba maji na mchanga, wanaume wakajenga."

"Na vitabu?"

"Vingine vilitoka kanisani. Vingine vililetwa na watu wa msikitini. Vingine ni vya wafanyakazi wa serikali waliohamia huku."

"Walimpa mzee viwe vyake?"

Anyesi alifikiri. "Hapana. Walivitoa kwa ajili ya mtaa."

"Basi mzee alikuwa mtunzaji. Kitu cha umma hakirithiwi."

"Na rafu zangu je?" Joshua aliuliza kwa ukali.

"Uliziuza au ulizitoa?"

"Nilimpa kaka, aweke vitabu vya watu." Joshua alisikia maneno yake mwenyewe. Akarudisha vitabu mahali pake, taratibu.

Evarista akaendelea kwa upole. "Mzee alifanya wema mkubwa. Lakini alishika kila kitu peke yake. Alipoondoka, hakuna aliyejua nani afungue mlango."

"Usimseme mume wangu!" Anyesi alifoka. "Kaburi lake halijakauka."

"Nisamehe, mama. Hata mimi namlilia."

Anyesi aliwatoa nje, akafunga maktaba, akaingia ndani kwake. Lakini kila alipofumba macho aliuona ule udongo ukimwagika. Baada ya Jumapili kupita, alimfuata Evarista mwenyewe.

"Nifanye nini?"

"Twende kwa mwenyekiti wa mtaa. Aitishe mkutano wa wakazi."

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya mtaa. Evarista alisimama akaeleza.

"Kwanza tujiulize, maktaba ipo kwa kazi gani? Ipo ili kila mkazi apate maarifa, mwenye pesa na asiye nazo, mzee na mtoto, wa dini yoyote na kabila lolote. Msomaji haulizwi ametoka wapi. Wala hasemwi kwa kitabu anachokipenda."

Mishi, mama muuza maziwa, alinyoosha mkono.

"Mimi nilimwomba marehemu kitabu cha magonjwa ya mifugo," alisema. "Akaniambia hanijui, nilete mtu wa kunidhamini. Mimi ni mgeni hapa, ningemleta nani? Ndama wangu walikufa."

Watu walimtazama Anyesi. Alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Sila alikuwa hivyo. Hata jembe lake hakumwazima mtu asiyemjua. Alikuwa mwema, na alikuwa hivyo.

"Pole, mwenzangu," alisema Anyesi. Machozi yalimtoka tena.

"Ndiyo maana mtu mmoja asiamue peke yake," Evarista alisema. "Tuchague kamati, wanawake na wanaume. Muda wao ukiisha, tuchague tena. Kanuni zisomwe mbele yetu sote. Michango na matumizi vitangazwe mkutanoni. Na ufunguo ushikwe na zaidi ya mmoja, ili akiugua huyu, yule afungue."

"Na kamati ikikosea?" aliuliza Joshua, aliyekuja kusikiliza.

"Wakazi wataiuliza. Ikishindwa kujibu, wataibadilisha."

Wakachagua. Ambokile, mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Mbeya, akawa mwenyekiti wa kamati. Mishi na Anyesi wakawa wajumbe. Ambokile akasimama.

"Napendekeza tuiite Maktaba ya Mzee Sila."

Watu walipiga makofi. Anyesi alisubiri yaishe. Moyo ulimuuma, maana jina hilo alilipenda kuliko majina yote.

"Nawashukuru," alisema. "Lakini iitwe jina la mtaa. Ikiitwa jina lake, kuna watakaoogopa kuingia."

Wakakubali bila makofi. Mishi alisogea, akamshika mkono.

Kazi ikaanza. Joshua alipaka rafu oili chafu, akasimamisha miguu ya rafu hizo ndani ya makopo ya oili ili mchwa wasipande. Vitabu vilivyokufa vilichomwa. Vilivyobaki vilipigwa muhuri wa mtaa. Uamuzi wa kwanza wa kamati ulikuwa kufungua darasa la watu wazima. Anyesi aliketi mstari wa mbele na Mishi.

Alijifunza polepole. Herufi zilimchanganya, hasa R na L, maana mdomoni mwake zilikuwa ndugu. Mvua zilipokuja aliweza kusoma maneno mafupi, kidole kikitangulia.

Ndipo akaenda kaburini kung'oa majani. Msalaba wa mbao, uliotoka karakana ya Joshua, ulikuwa na maandishi meupe. Alikuwa ameutazama mara nyingi bila kujua unasema nini. Akaweka kidole.

"Si," alisoma. "Ra. Si-ra."

Akasoma tena. Akasoma mara nyingine. Miezi yote hiyo alikuwa amelia mbele ya jina lisilo la mumewe.

Alimpigia Joshua simu. "Shemeji, uliona pale msalabani?"

Joshua alikiri. "Niliona. Kijana wangu wa karakana alikosea. Siku ya maziko ningekuambiaje? Baadaye niliona aibu. Nitakuja kurekebisha."

"Njoo na rangi tu," alisema Anyesi. "Nitaandika mwenyewe."

Joshua alikuja na rangi na brashi nyembamba. Akaikwangua ile R, kisha akasimama kando. Anyesi alipiga magoti kwenye udongo wenye unyevu. Akachora mstari mmoja kwenda chini na mwingine kwenda kulia. Herufi ilitoka imepinda, kubwa kuliko wenzake.

"Imekaa vizuri?" aliuliza.

"Imekaa vizuri, shemeji."

Anyesi alisoma kwa sauti jina la mumewe, lote, kisha akakaa pale mpaka rangi ikakauka.