Anayechota Maji Ndani ya Kanoti Kavu

Jioni ile nilitoka nje kutafuta sufuria yangu tu. Sufuria ya sombe, kubwa, yenye masikio mawili, ile ambayo hata dada yangu akiiomba namwambia iko na kazi. Makala ya jiko yalishashika moto, majani ya mihogo yalishatwangwa, jua linazama, na sufuria haipo.

Nilijua ilipo. Katika uwanja wangu hapa Mangobo kila kitu kinachopotea kinaenda kwenye kanoti ya Jérémie. Ufagio, kanoti. Kisu, kanoti. Shuka la mkewe Grâce, limechanwa vipande, kanoti.

Jérémie ni mtoto wangu wa mwisho, na akili pia aligawiwa wa mwisho. Aliuza pikipiki aliyobebea abiria, pikipiki iliyotulisha, akanunua kwa Télesphore wa Ubundu kanoti ya mota ya zamani. Si ya mbao, si ya chuma. Ya faiba, ile plastiki ngumu iliyofumwa kwa nyuzi za kioo. Mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa ndiye aliyeileta, nikiwa bado msichana. Ina pua ndefu, kioo mbele, viti vyekundu vilivyoliwa na panya, usukani kama wa gari. Na chini, tumboni, ilikuwa na tobo la kupitisha kichwa cha mtoto.

"Iligonga jiwe," Télesphore alisema. "Mukiziba tu, inatembea."

Basi msimu mzima wa mvua Jérémie akawa anaziba. Piga msasa, koroga rezini, ile gundi ya faiba, laza kitambaa, ngoja kikauke. Ile rezini inauma pua mpaka chakula kikawa na ladha yake. Siku moja nyuzi zilimkata kiganja. Badala ya kuja nimfunge, akajaza rezini ndani ya kidonda, akacheka.

"Mama, na miye niko kanoti. Naziba tobo yangu."

"Tobo lako liko kichwani," nikamwambia, "na rezini ya soko lote haitalitosha."

Na kila asubuhi kiraka kilikuwa chini. Hakijapasuka. Kimetoka kizima, mviringo kama sahani, kimelala kwenye udongo. Na udongo umelowa.

Akalaumu mvua. Akalaumu rezini. Akalaumu watoto wa jirani. Mwisho akanigeukia mimi.

"Mama, ni weye unamwangaka mayi pale?"

"Maji ninayobeba kichwani kutoka bombani, ninyweshe kanoti yako? Ina kiu?"

Basi jioni hiyo nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha mabati ambako kanoti ilipandishwa juu ya magogo. Umeme ukakatika wakati uleule, kama kawaida yake. Sufuria yangu ilikuwa chini ya kanoti, ndani imegandwa na rezini rangi ya asali. Nikainama. Nikafungua mdomo nimtukane Jérémie.

Nikasikia.

Chwaa... pwaa.

Kimya.

Chwaa... pwaa.

Mtu anachota maji kwa kopo, anayamwaga nje. Sauti hiyo ninaijua. Nimekulia Ubundu, ndani ya mitumbwi inayovuja. Lakini nani achote maji kwenye kanoti iliyo juu ya magogo, mto uko mbali?

"Jérémie?"

Ikaacha. Halafu harufu ikaja. Matope ya mto, samaki aliyelala. Halafu pumzi... pumzi ya mwanaume aliyechoka, inakwama kooni. Akaanza tena, haraka kuliko kwanza. Chwaa, pwaa. Chwaa, pwaa. Chwaa...

Nikashika ukingo, nikachungulia ndani.

Hakuna mtu.

Viti vikavu. Sakafu kavu. Ila miguu yangu mimi ilikuwa imelowa mpaka juu ya kisigino.

Sikukimbia. Magoti yangu yaliacha kazi hiyo zamani. Nikawasha tochi ya simu nikamulika chini. Kiraka kipya kilishaanguka. Nikaingiza mkono kwenye tobo, nikapapasa ukingo wake. Nyuzi zote zilikuwa zimeinama kuelekea nje.

Nikapapasa tena. Jiwe la mto linapiga kutoka nje, linasukuma ndani. Hapa mtu alisimama ndani ya kanoti, akashika mtaimbo, akatoboa kwa makusudi.

Hapo ndipo nikakaa chini, kwenye matope, na sufuria kwenye mapaja. Maana na mimi nilishafanya kazi hiyo. Baba yake Jérémie alipokufa, nilichukua beseni lake la kuogea, nikalitoboa tako kwa msumari, nikaliweka juu ya kaburi. Kwetu, watu wa mto, chombo cha marehemu kinatobolewa. Kikishatobolewa huku, kinakuwa kizima kule. Kinakuwa chake. Hakiguswi tena.

Na mtoto wangu msimu mzima anaziba.

Asubuhi nikashuka libongo, pale mitumbwi inapofungwa. Télesphore alikuwa anapanga samaki wa moshi, anawatania wanawake. Aliponiona utani ukamwisha.

"Kanoti ilikuwa ya nani?" nikamwuliza.

"Mama Pélagie, si nilisema? Ya Mzungu ya..."

"Baada ya Mzungu. Unataka nipige kelele mbele ya wateja wako? Sauti ninayo."

Akatazama mto. Akanisogelea sikioni.

"Ya kaka yangu mukubwa, Isaïe. Mayi ilimubeba kule juu, kwenye maporomoko. Yeye hakurudia. Kanoti ikarudia yenyewe, na mota yake. Donc tukaitoboa, vile inafaa."

"Halafu ukaiuza."

"Ilikuwa inaoza bule, mama! Nilifikiri mutatoa viti, mutatoa usukani..."

"Ulimwambia aizibe. Kwa kinywa chako hicho."

Samaki akamponyoka mkononi. "Banaziba kweli?"

"Kila siku."

Alinong'ona kiasi kwamba niliona midomo kuliko nilivyosikia.

"Mukiziba huku, inatoboka kule. Isaïe iko ndani. Iko nazama, mama. Iko nachota, nachota... Na akichoka, atatafuta mwenye kumusaidia."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikitukana njia nzima, watu wakinipisha. Nikamkuta Jérémie anaimba. Alikuwa ameweka bamba la chuma juu ya tobo, ndani na nje, amelikaza kwa bolti, akamimina rezini juu.

"Leo haianguke, mama! Kesho naishusha kwenye mto."

Nikamwambia yote. Isaïe, mtaimbo, beseni la baba yake. Akanisikiliza kama anavyosikiliza redio ya jirani.

"Bon. Mama, acha histoire ya ndoki, ya buchawi. Nilipoteza pikipiki juu ya hii kitu."

"Na ukimpoteza Jérémie, nani ataniuzia mwingine?"

Akaondoka akipiga filimbi. Na kweli, siku ile kiraka hakikuanguka.

Jua lilipozama Grâce akanijia jikoni. Hakupiga kelele. Alinishika kitenge tu, akakivuta.

"Mama. Kuya uone."

Jérémie alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, macho wazi, mgongo umeinama. Mkononi kikombe kitupu cha chai. Mkono unashuka mpaka sakafuni, unapanda, unamwaga.

Chwaa... pwaa.

Kikombe kilikuwa kitupu. Ukuta ulikuwa unachuruzika maji.

"Jérémie. Acha."

"Namusaidia kidogo tu, mama," akasema. Haikuwa sauti ya mtu aliyelala. "Amechoka sana."

Maji yalikuwa yanamtoka puani.

Sikungoja padri. Nikachukua mtaimbo ninaochimbia choo, Grâce akanimulikia kwa simu, mwanga unacheza kila mahali. Nikapanda ndani ya kile kidubwasha, mimi na umri wangu, nikapiga. Bamba likalia kama kengele. Nikapiga. Nikalitukana bamba, nikamtukana Télesphore, nikamtukana yule Mzungu na kahawa yake. Mikono ikachubuka. Bolti moja ikaruka, ya pili ikaruka. Faiba ikapasuka kando ya bamba, na mtaimbo ukazama.

Maji yakatoka.

Kutoka kanoti kavu. Maji baridi, mengi, meusi, yakamwagikia uwanja mpaka mlangoni. Yakatoka kwa muda mrefu. Halafu mtu mmoja, karibu kabisa na sikio langu, akashusha pumzi.

Ndani ya nyumba kikombe kikaanguka.

Jérémie alipona asubuhi yake, na jambo la kwanza alilofanya ni kuililia kanoti. "Umeua kazi yangu," akaniambia. Nikamjibu kwamba kazi haina mama, iende. Sasa anaendesha pikipiki ya mtu mwingine.

Nilidhani yameisha. Lakini kila nilipoamka, sufuria yangu ya sombe ilikuwa na maji. Nafunika, maji. Nageuza kichwa chini, maji, na harufu ya matope. Nikatazama ile rezini iliyoganda ndani, ambayo kisu kilishindwa kuibandua, nikaelewa: palipo na rezini ile, Isaïe naye yupo. Nikaleta msumari. Mume wangu sikumlilia namna nilivyoisikitikia sufuria ile. Nikaitoboa. Maji yakakoma.

Leo jioni tunakula, naona Jérémie anamega fufu kwa mkono wa kushoto.

"Mkono mwingine una nini?"

"Hapana kitu, mama."

"Leta."

Hakutaka. Nikauvuta. Vidole vilikuwa vyeupe, vimekunjamana, kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Katikati ya kiganja kovu linang'aa, na rezini bado imo chini ya ngozi, rangi ya asali. Nikakiweka kiganja chake sikioni. Heri nisingefanya hivyo.

Chwaa... pwaa.

Mbali. Polepole.

Nimeweka sindano kwenye makala mpaka ikawa nyekundu. Grâce ameelewa, amemshika mumewe mabega. Jérémie naye, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, habishani na mimi. Amefumba macho, amenyoosha kiganja.

"Toboa basi, mama," Grâce ananong'ona. "Unangoja nini?"

Yeye si wa kwetu. Hajui. Chombo kinachotobolewa huku kinakuwa cha Isaïe kule, na chombo sasa ni mwanangu.

Sindano inapoa mkononi mwangu. Nje jua limeshagusa paa za mabati.

Na Jérémie ameanza kukohoa maji.