Mfuniko wa Sufuria ya Nanay Ising

Foleni ya ofisi ya vyeti mjini Iloilo, Ufilipino, ilikuwa imetoka nje ya mlango, ikazunguka nguzo, ikafika hadi kwa mama muuza ndizi za kukaanga. Glorilyn alisimama katikati yake, blauzi ya njano imemganda mgongoni, akijipepea kwa fomu. Nyuma yake alikuwepo kijana mrefu, mikono ina unga mpaka viwikoni, amebeba mfuko wa karatasi unaonukia siagi. Aliisoma ile fomu juu ya bega lake bila haya.

"Cheti cha kutowahi kuolewa," alisema, akimwita kama kila msichana wa Iloilo anavyoitwa. "Nani huyo mwenye bahati, Inday?"

Wengi walioomba cheti kile walikuwa wanakaribia kufunga ndoa, kwa hiyo swali halikuwa la ajabu.

"Soma vizuri, Manong," Glorilyn alijibu bila kugeuka, akimpa heshima ya kaka. "Kinasema hayupo."

Foleni nzima ilicheka, na kijana akacheka kuliko wote. Aliitwa Renante, wengi wakimwita Nante. Alikuwa mwokaji wa mikate mtaa wa Jaro, na alikuja kumtafutia baba yake cheti cha kuzaliwa. Mzee alikuwa amepooza upande mmoja, siku hizi hukaa mlangoni pa duka kusalimia wateja huku mwanawe wa pekee akishughulika na tanuri. Walisubiri saa tatu. Walipofika dirishani, mfuko ulikuwa umebaki na makombo, na Nante alikuwa na namba ya simu ya Glorilyn.

Alipomuuliza cheti ni cha nini, Glorilyn alisema ni mambo ya mama yake aliyeko ng'ambo. Hakudanganya, ila alimega ukweli kipande kidogo mno.

Ukweli mzima ulikuwa huu. Mama yake aliondoka Glorilyn akiwa na miaka kumi na minne, akaenda California kutunza wazee wa watu, kuwaogesha na kuwalisha. Alipopata kibali cha kukaa, alimwombea bintiye amfuate. Ombi lile lilikuwa na sharti moja: binti awe hajaolewa mpaka siku atakayoingia. Akiolewa hata jana yake, ombi linakufa. Lakini zamu za maombi hayo husogea polepole hivi kwamba nyumba nyingi za mtaa wake zilikuwa nayo na zilikwisha kuyasahau, kama mwavuli uliosimama pembeni tangu masika ya zamani. Glorilyn aliamini imebaki miaka kumi. Nitamwambia, alijisemea, tukishazoeana. Wakazoeana, na hakumwambia.

Jumapili walisali pamoja kanisani Jaro, bega kwa bega, kisha wakala supu ya tambi sokoni. Nante alimpigia kila alfajiri mkate wa kwanza ulipotoka tanurini. "Langga, amka," alimwita kwa neno la wapenzi wa Iloilo. "Mkate umeumuka kuliko kichwa chako." Glorilyn alimjibu kwamba mwanamume anayeongea na unga hafai kuoa. Alisema hivyo kwa mzaha, halafu moyo ukamwenda mbio.

Jumanne moja ya mwezi wa tisa ujumbe uliingia: zamu yake imefika, aende ubalozi wa Marekani, Manila, kuhojiwa baada ya wiki sita. Jumatano Nante alimpigia akiwa na furaha ya kupasuka. Wazazi wake wangekuja Jumamosi kuposa. Ameshaazima shati jeupe la barong kwa binamu yake. Glorilyn alifungua kinywa. Aliposikia habari za lile shati, akakifunga.

Jumamosi walifika. Nante alikuwa amevaa barong lenye mabega mapana, baba yake ameegemea fimbo, na Nanay Ising, mama yake, amebeba sufuria kubwa ya mbaazi zilizopikwa kwa nyama ya nguruwe na fenesi bichi. Mwenye nyumba, Tiya Puring, mama mdogo wa Glorilyn aliyemlea tangu mama yake aondoke, aliwapokea kwa mshangao. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliandaa meza. Lakini mzee alipokohoa na kuanza kusema kwamba wamekuja kuomba mkono wa binti, Tiya Puring aliweka kijiko chini.

"Samahani, Manong," alisema. "Huyu hawezi kuolewa. Akiolewa, miaka yote ya mama yake inakwenda bure. Ninyi hamkuambiwa?"

Nante alimtazama Glorilyn. Glorilyn alitazama sufuria.

Wageni walikula kidogo kwa adabu, wakashukuru, wakaondoka. Sufuria ilibaki, kama chakula cha posa kinavyobaki.

Siku tisa simu haikulia alfajiri. Glorilyn alisali rozari asubuhi na jioni bila kujua aombe nini hasa. Akiomba abaki, anamwombea mama yake upweke. Akiomba aende, anajiombea upweke yeye mwenyewe. Mama alimwonyesha kwenye simu chumba alichomwekea: kitanda, na kabatini mablanketi kumi na matatu, moja kwa kila mwaka. Alimweleza pia kazi atakayomtafutia, ileile ya kuogesha wazee. Mikono ya mama ilikuwa imevimba vifundo. Glorilyn alitaka kumwambia habari za Nante. Mama akamtangulia kusema kwamba sasa analala vizuri, maana anajua mwanawe anakuja. Glorilyn akayasifu mablanketi.

Siku ya kumi Nante alimwita kando ya mto, penye njia ya watembea kwa miguu. Alikuwa amekonda. Alisema alidhani ameonewa haya kwa sababu ni mwokaji, na Glorilyn akalia kwa kusikia hivyo. Kisha akatoa wazo lake. Baba yake mdogo alikuwa hakimu kisiwani Guimaras. Angewafungisha ndoa kimyakimya, karatasi ikae kabatini.

"Watu wanafanya," alisema.

"Najua wanafanya. Manila watanisimamisha mbele ya dirisha, Nante, niinue mkono wa kulia. Waniulize kama nina mume. Unataka niape kwa Mungu kwamba wewe hupo?"

Nante alikwangua unga uliokauka kidoleni.

"Basi nenda," alisema mwishowe. "Kisha urudi tuoane."

"Halafu wewe utanifuata kule?"

Nante aliutazama mto. "Nikikufuata, tanuri atawasha nani? Tatay atainuliwa kitandani na nani?"

Hapo wote wawili walijua: mmoja lazima aende, mwingine lazima abaki. Hakuna aliyekosea, na hilo ndilo lililouma.

"Na nikikuomba ubaki?" Nante aliuliza.

"Ukiniomba, nitabaki. Kwa hiyo nakusihi, langga, usiniombe."

Nante alishika mikono yake yote miwili, ikapata unga. Hakumwomba.

Kwao chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Siku mbili kabla ya kwenda Manila, Glorilyn alipika mbaazi, nyama na fenesi kama alivyoonja siku ile, akajaza sufuria ya Nanay Ising, akaifunika kwa kitambaa, akaipeleka Jaro. Nante hakuwepo, alikuwa amepeleka mikate. Mama yake alionja kwa ncha ya kijiko.

"Chumvi imezidi kidogo," alisema. Kisha akamkumbatia, na hakumwachia upesi.

Manila, nyuma ya kioo, afisa mwenye miwani alimwambia ainue mkono. Akamuuliza kama amewahi kuolewa.

"Hapana," Glorilyn alisema.

Ulikuwa ukweli mtupu, na alidhani ukweli ungekuwa mwepesi kuutamka. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Afisa alimsogezea karatasi za kujifuta akitabasamu, akasema wengi hulia kwa furaha mahali hapo.

Alipotoka barabarani simu ililia. Ilikuwa saa nne, si wakati wa Nante.

"Wamekukubali?"

"Wamenikubali."

Alisikia milio ya sinia za bati, na mzee akisalimia mteja mlangoni.

"Nanay anatafuta mfuniko wa sufuria," Nante alisema. "Anasema haukurudi."

Glorilyn aliushika mkoba wake. Mfuniko ulikuwa ndani, umefungwa kwenye kanga ya kulalia, kati ya cheti na rozari. Aliubeba tangu Iloilo, na hata yeye asingeweza kueleza kwa nini.

"Ninao mimi," alisema. "Nitautuma."

Upande wa pili sinia moja iliwekwa chini.

"Kaa nao, langga," Nante alisema. "Sisi tutafunika kwa sahani."