Kambuzi Kwenye Njia Panda ya Reli

Kila Jumatano baada ya masomo, wanafunzi wa klabu ya ufundi katika shule moja ya mtaa wa Bel-Air waliunganisha meza mbili, wakafuta reli yao ndogo kwa kitambaa, kisha wakawasha tableti. Vumbi la Lubumbashi haliombi ruhusa. Linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, na reli yenye vumbi haipitishi umeme.

Reli hiyo ya mfano ilianzia Lubumbashi ikaishia Sakania, kituo cha karatasi ngumu mwisho wa meza ya pili. Kila kichwa cha treni kilikuwa na namba yake. Ukigusa namba kwenye tableti, kichwa hicho peke yake kinaondoka, vingine vinatulia.

Kilichokosekana ni njia panda, pale treni inapopelekwa kushoto au kulia. Watu wa reli hapa mjini hupaita aiguillage. Jamali, baba mdogo wa Chadia, mmoja wa wanafunzi hao, ni mfanyabiashara. Alikuwa ameleta aina mbili za kujaribu. Kesho yake angesafiri, na huko angenunua aina itakayochaguliwa kwa ajili ya fête, sherehe ya shule ambapo wageni wangekuja kuiona reli. Akishanunua, hakuna kurudisha.

"Chadia, wewe utajaribu," alisema Madame Kapinga, mwalimu wao. "Kila kichwa cha treni, polepole, njia zote mbili. Kisha utuambie tuchukue ipi."

Chadia, msichana wa miaka kumi na miwili, tayari alikuwa ameipenda aina ya kwanza. Mota yake ilikuwa ndani, kuifunga ni rahisi, na ukigusa tableti inageuka tak! Ila katikati, reli zinapokatana, palikuwa na kipande cha plastiki. Aina ya pili ilikuwa na chuma hapo, nayo ilitaka waya wa ziada na kifaa cha kubadilisha umeme. Kazi nyingi.

Kichwa kikubwa cha mizigo kilipita bila shida. Kikafuata Kambuzi, kichwa kidogo cha magurudumu manne, ambacho Ntumba, rafiki wa Chadia, alikuwa amekiundia mwili wa waya wa shaba. Kambuzi kikafika kwenye plastiki, kikakosa umeme, kikazima.

Sasa, mtu wa Lubumbashi akiona chombo kimezima hafikiri mara mbili. Anasukuma. Taksi inasukumwa, basi linasukumwa, abiria wanashuka na kusukuma huku wakicheka. Chadia akakigusa Kambuzi kwa ncha ya kidole, kikaendelea. Akakirudisha, kikazima tena, akakisukuma tena. Wenzake na Madame walikuwa wameinama upande wa pili, wakipaka rangi kituo cha Sakania.

"Zote zinapita," akatangaza. "Tuchukue hii ya plastiki."

"Muzuri!" Ntumba akaruka. "Siku ya fête miye sitagusa reli hata kidogo. Nitakaa kule nyuma na koko yangu, nimuonyeshe Kambuzi iko inaenda yenyewe. Hasadiki! Anasema kuko mutoto mwenye kujificha chini ya meza."

Wote wakacheka, isipokuwa Chadia. Akilini alimwona huyo koko, bibi yake Ntumba, amekaa katikati ya wageni, na Kambuzi kimezima mbele ya macho yake. Madame Kapinga alikuwa tayari ameshika simu ampigie Baba Jamali.

"Madame, ngoja." Sauti ya Chadia ilikuwa ndogo. "Kambuzi haipiti. Nilikuwa naisukuma na kidole. Kila mara."

Franck, mwanafunzi mwenzao ambaye hakuwahi kuacha mzaha umpite, akasema: "Aba! Kumbe weye njo mota ya Kambuzi! Tukupatie na weye namba kwenye tableti!"

Ntumba hakucheka. "Ungeniacha nipate haya mbele ya koko?"

"Sikufikiria."

"Fikiria, basi." Lakini akavuta kiti, akaketi karibu naye. "Leta ile ya chuma."

Walipoifunga mara ya kwanza, tableti ikawaka nyekundu na treni zote zikasimama pamoja. Madame Kapinga akaeleza: njia ikigeuka, umeme wa kile chuma nao lazima ubadilishwe, la sivyo pande mbili za umeme zinagusana, na mtambo unajizima ili usiungue. Wakaunganisha kile kifaa. Kambuzi kikaja polepole kama mtu aliyebeba mayai, kikapita juu ya chuma. Kikarudi. Kikapita tena.

"Piga mwenyewe," Madame akampa Chadia simu.

"Baba mudogo, ya plastiki hapana. Utuletee ya chuma, na bile bifaa byake."

"Lakini asubuhi uliniambia ya plastiki njo muzuri kabisa!"

"Nilichagua mbele ya kujaribu."

Baba Jamali akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Heri umeniambia ningali nyumbani."

Madame Kapinga akaketi ukingoni mwa benchi. "Kusaidia kitu kilichozima si kosa, Chadia. Kosa ni kuficha mkono wako, kisha kutuambia kimepita chenyewe. Tunajaribu ili tuone ubaya mapema. Ukiuficha, haupotei, unatungoja siku ya wageni. Leo umesema kabla hatujanunua. Hapo ndipo umeifanya kazi niliyokupa."

Siku ya fête Kambuzi kilipita njia panda zote alizonunua Jamali, hakuna aliyekigusa. Koko wa Ntumba akaomba tableti akiendeshe mwenyewe, na wageni wengine wakangoja zamu yao hadi jioni.