Simu kwa Fundi wa Mbali

Kila asubuhi fundi cherehani aliifuta vumbi mashine yake ya kutarizi kabla hata hajanawa uso. Mumewe alimtania kwamba ameolewa na mashine. Lakini mashine hiyo ndiyo iliyompatia kazi kubwa ya kwanza maishani: kutarizi nembo kwenye makoti arobaini ya wauguzi wa kituo cha afya. Makoti yalihitajika Ijumaa. Yakichelewa, kazi atapewa mtu mwingine.

Jumatano mashine ikagoma. Uzi ulijisokota chini, sindano ikavunjika. Akaweka nyingine, nayo ikavunjika. Mafundi wawili wa jirani walikuja, wakakuna vichwa, wakaenda zao. Ilibaki namba ya simu iliyobandikwa nyuma ya mashine. Ilikuwa ya kiwanda kilichoitengeneza, nchi ya mbali, na msaada hutolewa kwa Kiingereza.

Fundi hakuona shida, maana mumewe yupo. Mtaa mzima ulimwita Profesa, kwa jinsi alivyochomekea Kiingereza katika kila sentensi. Ila Profesa aliposhikishwa simu, tumbo likaanza kumuuma papo hapo. Alipobanwa akakiri kwamba Kiingereza chake ni cha kusikiliza mpira tu, na anaogopa kuchekwa.

Basi mkewe akachukua karatasi. Akaandika salamu ndefu za heshima, kama barua za shuleni, ili azisome kwenye simu. Ukurasa ukajaa na mashine bado haijatajwa. Machozi yakamlengalenga.

Jirani yao, mama aliyefanya kazi mapokezi hotelini miaka ishirini na tano, alikuja kuchukua gauni lake akamkuta katika hali hiyo. Akaisoma karatasi, akaikunja taratibu.

"Mdogo wangu, unadhani huyo fundi wa kiwandani alizaliwa na Kiingereza mdomoni?"

"Si ndiyo kazi yake, dada?"

"Kazi yake ni mashine. Wengi wanaosema Kiingereza duniani leo wamejifunza, kama wewe. Pale hotelini wageni wa nchi mbalimbali walielewana vizuri kwa maneno machache. Waliotusumbua ni wale waliozaliwa nacho, kwa sababu walisema mbio."

Profesa, tumbo likiwa limeshatulia, akauliza kama kuna haja ya kuhangaika. Amesikia kwamba simu zitatafsiri kila kitu na Kiingereza kitakufa.

"Shemeji, mambo ya mbele hakuna anayeyajua. Labda simu zitatafsiri. Labda kila nchi itakisema kwa lafudhi yake, na hakuna atakayeona ajabu. Lakini hata simu haikutafsirii vizuri ukisema ovyo. Sema kwa kifupi. Usipoelewa, omba arudie. Halafu wewe urudie ulichosikia, ajue mmeelewana."

Wakaketi wakaandika upya. Safari hii walianza na mashine: jina lake, uzi unajisokota, sindano zinavunjika. Jirani alishauri wapige simu ya video, ili jicho lisaidie pale ulimi utakapokwama.

Fundi akapiga. Akatokea kijana mwenye miwani, akamsikiliza, akajibu kitu ambacho fundi hakukielewa hata kidogo. Zamani angeitikia tu kwa aibu. Sasa alimwomba arudie polepole. Kijana akarudia, akionyesha kwa vidole: fungua bati la chini, safisha. Fundi naye akarudia, akafungua. Kulikuwa na nyuzi zilizoshindiliwa kama pamba ya mto. Alipozitoa, kijana akamwonyesha pia kwamba sindano aliiweka upande wake bapa ukitazama mbele badala ya nyuma. Akaigeuza. Mashine ikanguruma, na nembo ya kwanza ikatoka safi.

Fundi alishusha pumzi ndefu. Alitaka kumwomba radhi kijana kwa Kiingereza chake kibovu, lakini kijana akamtangulia.

"Samahani kwa Kiingereza changu," alisema. "Simu ikilia huwa naomba mwenzangu aipokee. Leo hayupo."

Fundi akacheka mpaka akashika meza. Akamjibu kwa maneno aliyokuwa nayo: Kiingereza chako kizuri, mashine inafanya kazi.

Ijumaa mchana makoti yote arobaini yalipokelewa kituoni. Profesa ndiye aliyeyabeba, na njia nzima aliongea Kiswahili.