Kiatu cha Hatua Moja

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Nukta hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwenye kibanda cha mjomba wake, fundi viatu, akaketi kwenye kigoda nyuma ya rundo la viatu vilivyosubiri soli mpya, akamngoja mama yake atoke kazini. Jina la Nukta alilipata shuleni kwa ajili ya udogo wa umbo lake. Wenzake walisema akisimama mwisho wa mstari, basi mstari umekwisha.

Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache. Si kwamba alikuwa mkali. Ni kwamba alipokuwa kazini alibana misumari midogo katikati ya midomo, akichomoa mmoja mmoja na kuupigilia. Ukimuuliza jambo, alijibu "mm" ya kukubali au "mm-mm" ya kukataa. Ukimwona ametema misumari yote kiganjani, ujue neno linalokuja ni zito.

Humo kibandani ndimo Nukta na rafiki zake wawili walimochezea mchezo wao. Wa kwanza alikuwa Chiriku, msichana aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, mwenye maneno yasiyojua nukta wala mkato. Wa pili alikuwa Profesa, mvulana wa miwani, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukumbuka kanuni na kuwakumbusha wanaozivunja.

Mchezo wenyewe ulichezwa mezani, kwa karatasi, penseli na dadu mbili. Mmoja alikuwa msimulizi. Yeye alieleza safari: mlima, pango, jitu lililoziba chemchemi ya mji. Wengine walikuwa wasafiri, na kila msafiri alikuwa na karatasi yenye jina, nguvu, udhaifu na kumbukumbu sita za maisha yake. Jambo likiwa gumu, dadu zilirushwa, na nambari iliyotokea ndiyo iliyoamua.

Lakini kilichowafanya wasahau kwenda nyumbani ni vifaa vya ajabu, na aliyevibuni vyote alikuwa Nukta. Alikuwa na daftari la jalada la kijani alimoviandika. Mlikuwa na mwavuli unaozuia maneno mabaya, ila aliye chini yake hasikii hata akisifiwa. Mlikuwa na kijiko kinachotambua sumu, ila aliyekitumia huona kila chakula kichungu kwa siku saba.

"Kwa nini kila kitu chako kina 'ila'?" Chiriku aliwahi kumuuliza. "Si utupe kimoja tu kitamu, tufurahi?"

"Kikiwa kitamu tu, mtakitumia kila saa," Nukta alijibu. "Halafu hapatakuwa na hadithi."

"Mm," mjomba aliunga mkono huku akipiga nyundo.

Kifaa alichokipenda kuliko vyote alikibuni siku moja alipokuwa akikitazama kiatu kimoja cha kushoto ambacho mwenyewe hakurudi kukichukua. Alikiita Kiatu cha Hatua Moja. Anayekivaa hupiga hatua moja tu, akafika popote anapotaka. Ila kila hatua inakula kumbukumbu moja ya mvaaji, naye lazima aisome kwa sauti, kisha aifute kwenye karatasi yake. Profesa alipokitumia mara ya kwanza, ilimbidi afute siku ambayo mhusika wake alifundishwa kuogelea na baba yake. Aliifuta polepole, herufi moja moja.

"Hiki ni kibaya," alisema mwishowe. "Kibaya kizuri."

Mwezi ule mkutubi wa maktaba ya watoto alitangaza jambo. Maktaba ingeandaa Jumamosi ya michezo, na watoto wa shule tatu wangealikwa. Kila anayetaka alete kifaa cha ajabu alichokibuni, na maelezo yake. Kitakachochaguliwa kingechezwa mbele ya wote, na aliyekibuni ndiye angekuwa msimulizi.

Nukta aliandika usiku na mchana. Siku mbili kabla ya mwisho wa kupokea kazi, aliamka amejaa vipele mwili mzima. Ilikuwa tetekuwanga. Mama yake akamfungia ndani ili asiwaambukize wengine.

Chiriku, ambaye aliwahi kuugua tetekuwanga akiwa mdogo, alikuja kumjulia hali dirishani.

"Umekuwa kama ramani ya visiwa," alisema, na Nukta akacheka japo kucheka kulimwasha.

Kisha Nukta akapitisha daftari la kijani katikati ya nondo za dirisha. "Nipelekee maktaba. Ukurasa nimeukunja pembe. Mwambie mkutubi ninaumwa."

"Wewe lala, upone," Chiriku alisema. "Hilo niachie mimi."

Nukta alilala akiwa na amani.

Ile Jumamosi vipele vilikuwa vimekauka, na mama akamruhusu kutoka. Aliingia maktaba amechelewa kidogo. Chumba kilijaa. Meza ndefu ilikuwa katikati, na ukutani palibandikwa karatasi kubwa yenye maandishi ya rangi: Kiatu cha Hatua Moja. Moyo wa Nukta uliruka. Akasogea asome vizuri. Chini ya maneno yale paliandikwa jina la aliyekibuni, na jina lile lilikuwa la Chiriku.

Alilisoma mara tatu, kama mtu anayehesabu upya akidhani amekosea. Kisha akamwona Chiriku mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha msimulizi, shati limepigwa pasi, dadu mkononi. Mkutubi alimshika bega. "Huyu ndiye fundi wetu wa leo," aliwaambia watoto. "Amebuni mwenyewe, kichwani mwake."

Watoto wakapiga makofi. Chiriku akatabasamu, akainua macho, na macho yake yakagongana na ya Nukta. Tabasamu likamfia usoni. Akainamia karatasi zake haraka.

Nukta aliegemea rafu ya vitabu. Kama angeibiwa na mtu asiyemjua, angepiga kelele. Lakini huyu alikuwa mtu aliyejua anaogopa nini, anacheka nini, na daftari lake analificha wapi. Kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huo aliusikia miaka yote, ila ndiyo kwanza aonje ladha yake.

Profesa, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji, alimtazama Nukta, akautazama ukuta, akavua miwani na kuifuta. Alikuwa ameelewa.

Mchezo ulianza. Chiriku alikuwa na sauti ya kusimulia, hilo hakuna aliyemshinda. Jitu lilipoziba chemchemi, watoto walishika vichwa. Kisha akawapa kiatu. "Unapiga hatua moja, unafika popote," alisema. "Basi. Hakina gharama yoyote."

Alikuwa ameikata ile 'ila'. Alitaka kiwe kitamu, apendwe na kila mtu.

Msafiri wa kwanza akapiga hatua, akaingia pangoni na kuchukua ufunguo. Hatua ya pili, akarudi mjini. Hatua ya tatu, akafungua chemchemi. Jitu halikupata hata nafasi ya kuamka. Dakika kumi hazijafika, safari ilikuwa imekwisha.

"Ndiyo hiyo tu?" aliuliza msichana mmoja wa shule nyingine. Mvulana aliyekuwa karibu naye akapiga miayo.

Mkutubi alikunja uso. "Nilivyosoma daftarini, kulikuwa na jambo la kumbukumbu. Mbona umeliacha? Tueleze lilivyo."

Chiriku alimtazama Nukta kama anayezama anavyomtazama mtu aliye ukingoni. Nukta aliyajua majibu yote. Neno moja tu lingetosha kumwokoa, au kumwangamiza. Hakutoa la kuokoa wala la kuangamiza. Aligeuka, akatoka nje, akatembea mpaka kibandani bila kuhisi ardhi.

Mjomba alimwona anavyoingia, akatema misumari kiganjani. Nukta alimweleza yote, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, mengi.

"Nilimpa mwenyewe, mjomba. Kwa mkono wangu."

"Ulimpa rafiki yako," mjomba alisema. "Kumwamini rafiki si kosa lako. Kosa ni la aliyeivunja hiyo imani. Usiubebe mzigo usio wako."

Jua lilikuwa limeanza kuinama Chiriku alipotokea mlangoni, daftari la kijani amelikumbatia kifuani. Alisimama kizingitini bila kuingia.

"Shikamoo, mjomba," alisema chini chini.

"Marahaba. Aliyekuleta ni nani?"

"Nimekuja mwenyewe." Akamgeukia Nukta. "Nilikwenda kulipeleka kwa jina lako. Kweli. Mkutubi akaufungua ule ukurasa, akasoma, akaniangalia kwa mshangao, vile watu wanavyokuangalia wewe ukibuni kitu. Akaniuliza, 'Hiki umekibuni wewe?' Nikasema ndiyo. Neno lilitoka tu. Halafu kila siku nilitaka kulirudisha, na kila siku lilikuwa zito zaidi."

"Siku nane," Nukta alisema. "Ulikuja dirishani siku zote nane. Uliniletea hadi kazi za shule. Ukanyamaza."

Chiriku akaangalia vidole vya miguu yake. "Naomba unisamehe. Sitarudia. Tafadhali usimwambie mkutubi, nitakufa kwa aibu."

Nukta alitaka kujibu lakini mjomba akainua mkono.

"Binti yangu, sikiliza. Uongo uliusema hadharani, mbele ya ukuta wenye jina lako. Ukweli hausemwi uvunguni. Ukiomba radhi hapa kibandani tu, Nukta atapata daftari, lakini kazi yake itabaki kuwa yako machoni pa watu. Hapo utakuwa hujarudisha ulichochukua."

"Nitasema nini mbele yao?"

"Wewe, ukose maneno?" mjomba alisema, na hata Nukta karibu atabasamu. "Sema lililotokea. Ni fupi kuliko uongo."

Jumatatu, baada ya masomo, Chiriku alikwenda kwa mkutubi, akamweleza. Jumamosi iliyofuata watoto waliitwa tena. Chiriku alisimama mbele ya meza ndefu. Alisema kiatu si chake, alikiiba kwa mdomo tu, na aliyekibuni alikuwa kitandani anaumwa. Kuna waliomzomea. Hakukimbia. Alilibandua jina lake ukutani kwa mikono yake, akabandika la Nukta, kisha akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa.

Nukta aliongoza mchezo siku ile kwa sauti yake ndogo, na watoto ilibidi wasogee karibu ili wamsikie. Yule msichana aliyekuwa ameuliza "ndiyo hiyo tu?" alivaa kiatu mara tano. Mara ya tano alibakiwa na kumbukumbu moja tu, ya wimbo wa bibi yake, akaishika karatasi kwa mikono miwili na kukataa kata kata kupiga hatua nyingine. Wenzake wakalazimika kumfuata kwa miguu kule alikokwama, kupanda mlima mzima. Mchezo ulichukua saa tatu, na hakuna aliyepiga miayo.

Wakati wa kufunga, mkutubi aliwaambia watoto, "Kazi ya akili haishikiki kama kiatu, lakini ina mwenyewe. Kuitaja kuwa yako ni wizi kama wizi mwingine. Na aliyekosea akikiri mwenyewe, tumpe nafasi ya kujirekebisha."

Mjomba alikuja kumchukua Nukta. Nje, Chiriku alikuwa anasubiri mbali kidogo, hajui kama anaruhusiwa kusogea.

"Mjomba, nimeshamsamehe," Nukta alisema. "Lakini daftari siwezi kumpa tena. Je, mimi ni mbaya?"

"Hapana. Msamaha unaweza kuutoa leo, kwa neno moja. Imani hujengwa upya tofali kwa tofali, na mjenzi ni yeye aliyeibomoa. Inaweza kuchukua mwaka. Kazi yako wewe ni moja tu: akija na tofali, usimfungie mlango."

Nukta alifikiri kidogo. Kisha akalisukuma daftari ndani kabisa ya mkoba, akafunga zipu, na kumpungia Chiriku mkono aje watembee pamoja.