Bibi Harusi na Mwenye Msitu

Farasi alianguka kabla ya adhuhuri. Tufani iliwakuta katikati ya msitu, theluji ikija kwa ubavu kama unga unaomwagika guniani, na Ulita aliyeshika hatamu hakuliona bonde mpaka sleji, gari lao la kuteleza juu ya theluji, ilipokwisha kuinama. Farasi alilia mara moja, kisha vyote vikabiringika chini. Ulita alipoinuka, mdomo umejaa theluji, mnyama alikuwa amevunjika shingo, na Domna mshenga alikuwa amebanwa chini ya sleji, akiwalaumu watakatifu mmoja mmoja kwa majina.

"Mguu," Domna alisema. "Usinitolee macho, mwanangu. Nitoe kwanza, uogope baadaye."

Ulita alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu baba yake afariki, yeye ndiye aliyepanda misonobari kwa kamba na kuvuna asali katika mizinga iliyochongwa ndani ya vigogo. Ilikuwa kazi ya wanaume, naye aliipenda. Baba yake mdogo alikuwa ameamua aolewe ng'ambo ya msitu. Homa ilipomlaza mzee huyo, na Kwaresima isiyo na harusi imekaribia, aliwatuma wanawake wawili peke yao na farasi aliyeijua njia. Kwa siku mbili Ulita hakufungua kinywa. Domna alikuwa akizungumza kwa niaba ya wote wawili.

Sasa Ulita alifungua sanduku la harusi. Taulo alizozitarizi majira mawili ya baridi zikafunga mguu wa Domna kati ya vijiti viwili. Mkate wa harusi ulikuwa umeganda. Akaupasua kwa shoka. Kisha aling'oa kifuniko cha sanduku, akakitoboa, akapitisha hatamu, akamlaza mshenga juu yake na kuanza kuvuta.

"Polepole," Domna alisema. "Mimi si gunia la viazi."

"Gunia halisemi, shangazi."

"Kumbe una ulimi. Nilidhani nimepewa bubu."

Ulita aliujua msitu. Alisoma kuvumwani kwenye magome, akasoma upepo, akashika upande wa kusini. Baada ya saa moja walitokea mbele ya farasi aliyekufa. Akabadili mwelekeo, akapiga alama kwa shoka kwenye kila mti wa kumi. Wakamrudia farasi tena, na nyuma yao hakukuwa na mti hata mmoja wenye kovu.

Domna akajifanyia ishara ya msalaba. "Anatuzungusha, yule Mwenye Msitu, pepo wa miti hii. Geuza koti, ndani liwe nje, asitutambue. Badili buti, ya kulia uivae kushoto."

"Na wewe je?"

"Mimi nina buti moja. Nibadilishane na nani?"

Waligeuza makoti, Ulita akachechemea ndani ya buti zilizokaa kinyume, na kwa mara ya tatu wakamkuta farasi. Giza lilipoingia walijibanza chini ya matawi aliyoyakata, wamekumbatiana kama ng'ombe na ndama wake.

Asubuhi tufani ilikuwa imetulia. Ulita alitoka kutafuta kuni, akamwona mzee ameketi juu ya gogo. Hakuwa na nyusi. Koti lake lilifungwa upande usiofungwa na watu, na ingawa jua lilikuwa limetoka, theluji nyuma yake haikuwa na kivuli.

"Miaka mitano unachukua asali kwangu," mzee alisema.

"Sega la kwanza nilikuwa nakuachia wewe, babu."

"Ndiyo maana tunazungumza." Alikuna ndevu zilizoota kuvu. "Mwache huyo bibi hapa. Njia ya kwenu nitaifungua sasa hivi. Bila mshenga hakuna harusi. Hakuna atakayeuliza, maana kila mwaka msitu unakula watu."

Ulita aligeuka kuyatazama matawi na mwanamke aliyelala chini yake, kinywa wazi, ukungu wa pumzi ukipanda na kushuka. Kwa siku mbili alikuwa amemchukia. Aliiona njia ya nyumbani, akaona misonobari yake wakati wa maua, na hapo moyo wake ulisogea hatua moja. Hilo asingeweza kulikana baadaye. Alisimama mpaka vidole vikaanza kufa ganzi.

"Baba mdogo aliniamulia," alisema mwishowe. "Nikikubali, utakuwa umeniamulia wewe, na malipo yatakuwa maiti. Sitaki kuolewa, babu. Lakini nitalisema mwenyewe, mbele za watu."

"Basi zunguka," mzee alisema bila hasira. Alisimama, akazidi kurefuka mpaka akawa sawa na msonobari uliokuwa kando yake, kisha ukabaki msonobari peke yake.

Ulita aliketi pale pale, amechoka. Katika kimya kile ndipo alipoisikia, chini kabisa ya bonde: sauti nyembamba ya maji yanayopita chini ya barafu. Mto. Miti ilikuwa ya yule mzee, lakini maji yalikuwa na bwana wake mwingine, naye huyo hulala mpaka barafu iyeyuke. Amri ya Mwenye Msitu ilikoma ukingoni.

Walishuka. Ulita alitangulia na mti mrefu aliokata, hatamu ya kumvutia Domna begani, akiigonga barafu kabla ya kila hatua. Palipotoa sauti nene alipita. Palipolia kama chungu kitupu alizunguka. Ndipo kutoka ukingoni akasikia sauti ya marehemu baba yake ikimwita kwa jina la utotoni. Miguu ikasita.

"Usigeuke," Domna alisema. "Nisikilize mimi. Kazi yangu ni kusema." Akaanza kuwataja kwa sauti wasichana wote aliowaoza kwa miaka thelathini. Agripina, aliyepewa mfua chuma. Yevdokia, aliyepewa msagaji wa kinuni. Lukerya. Alisema mpaka sauti ikakwaruza, na sauti ya ukingoni ikazama ndani ya majina hayo. Kisha akarudi kwenye jina moja. "Lukerya alilia njia nzima. Nilimwambia ni baridi."

Barafu ilipasuka chini ya mguu wa kushoto wa Ulita. Maji yakamfika gotini. Alijitupa kifudifudi, akautandaza mwili, akatambaa nyuma mpaka Domna akamshika kola na kumvuta kwa nguvu zake zote, huku akiugulia kwa maumivu yake mwenyewe. Buti ilikuwa tayari inaganda. Mshenga aliivua, akafungua nguo zake na kuukandamiza ule mguu mweupe kwenye tumbo lake lenye joto.

"Sikuwa nimelala kule," alisema, akitazama pembeni. "Nilimsikia yule mzee. Nilikusikia na wewe."

Ulita aliuma mkono wa koti. Damu ilikuwa inarudi vidoleni, nayo iliuma kuliko baridi yenyewe.

Jua lilikuwa linainama waliponusa moshi wa lami. Wapika lami wawili walikuwa wakilinda tanuru yao juu ya ukingo. Walitupa majembe na kuteremka mbio. Domna alipoteza vidole viwili vya mguu, Ulita kimoja. Kibandani mwa wapika lami walilishwa uji wa shayiri kwa kijiko kama watoto wachanga.

Siku ya tatu Kuzma, baba wa bwana harusi, aliyepelekewa habari, alifika na sleji ya farasi wawili, utepe mwekundu kwenye hatamu. Alikuwa mtu mzuri. Alileta koti la manyoya kwa ajili ya mkwe. Alishukuru mbele ya sanamu ya mtakatifu, akamwinamia mshenga.

"Mungu amekulinda, Domna. Sasa sema maneno yako, tumpeleke bibi harusi nyumbani."

Domna alijiinua kitandani. Wapika lami wakavua kofia, maana maneno ya mshenga huyu yalijulikana nchi nzima. Alifungua kinywa, akakifunga tena. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini, alimgeukia msichana.

"Mwanangu," aliuliza, "wewe unataka nini?"

Ulita alisimama, akiuegemea ule mti mrefu, akalisema mwenyewe, mbele za watu.