Bibi Sikuzani Hanywi Maji

Kila asubuhi, kabla ya kwenda sokoni kuuza vitumbua, Raudha alimpelekea mama yake uji. Aliweka bakuli juu ya kigoda. Pembeni aliweka jagi la maji. Kisha alisema, "Mama, uji huo." Mama yake, Bibi Sikuzani, alijibu, "Haya, mwanangu." Ilikuwa hivyo tangu bibi alipohamia Nachingwea mjini kutoka kijijini Naipingo.

Jumatatu moja bibi hakujibu. Raudha alisogeza pazia. Mama yake alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Midomo yake ilikuwa mikavu na imepasuka.

"Mama, vipi?"

"Waambie waanue ufuta," bibi alisema. "Mvua inakuja."

Ilikuwa Septemba. Hapakuwa na ufuta nje, wala mvua.

Raudha alimwita mume wake, Faridi, aliyekuwa uani akitengeneza baiskeli za watu. Faridi alifika mpaka mlangoni, akaishia hapo. Kwao mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Humwamkia kwa mbali, amechuchumaa, macho chini. Alitazama mara moja tu, akaenda kutafuta bajaji.

Hospitalini bibi alitundikiwa dripu. Daktari alimgeukia Raudha mbele ya watu.

"Huyu mama hapewi maji nyumbani?"

"Anapewa, daktari. Hanywi."

"Mwili wake umekauka. Na ana maambukizi kwenye njia ya mkojo. Mzee akipungukiwa maji anaweza kuchanganyikiwa namna hii."

Kwenye benchi wanawake wawili walitazamana. Mmoja alisema, wala si kwa sauti ndogo, "Vitumbua anauza kila siku, mama yake hata kikombe cha maji hapati."

Raudha aliinama akajifanya anafunga kanga.

Siku ya tatu bibi aliruhusiwa kurudi nyumbani. Akili yake ilikuwa imetulia. Lakini jioni jagi lilikuwa limejaa vilevile.

"Mama, unataka watu waseme nakuua?" Raudha alifoka.

Bibi aligeukia ukuta. Raudha alitoka nje, akaona aibu kwa maneno aliyoyasema. Hakurudi kuomba radhi. Hakujua aanzie wapi.

Alhamisi alikuja Goreti, mhudumu wa afya wa mtaa. Goreti alikuwa pia katika kikundi cha watu wanaojitolea kuwasaidia wazee. Hakuuliza habari za maji. Alimwamkia bibi, akakaa naye, wakaongea habari za Naipingo. Kisha akasema, "Bibi, nioneshe njia unayopita kwenda chooni."

Bibi alichukua fimbo. Mlangoni palikuwa na ngazi moja ya juu sana, na hapakuwa na kitu cha kushika. Chini kulikuwa na magurudumu na vyuma vya baiskeli. Faridi alikuwa amekaa katikati ya ua akifanya kazi. Choo kilikuwa nyuma yake. Kila anayekwenda chooni lazima ampite.

Bibi alisimama. "Turudi ndani," alisema.

Ndani aliegemeza fimbo ukutani, akakaa. Kisha alizungumza, macho kwenye mkeka.

"Mwezi uliopita nilikwenda chooni. Nilipotaka kuinuka, magoti yakakataa. Nikamwita Raudha. Nikamwita tena. Kumbe yuko sokoni. Nyumbani alikuwepo mkwe peke yake. Ningemwitaje mkwe aje kuniinua nikiwa vile? Nilitoka kwa kutambaa. Basi nikasema, nisipokunywa, sitakwenda."

"Pole sana, bibi. Wewe huna kosa. Choo ndicho kibaya. Niruhusu nimwambie Raudha."

"Mwambie. Mkwe asijue kwamba nimesema."

Raudha aliposikia, alikaa chini sakafuni.

"Nilisema anadeka," alisema. "Nilisema hata kwa majirani."

"Wazee wengi wanafanya hivi," Goreti alimwambia. "Wanaogopa njia ya chooni, wanaogopa kuanguka, wanaona haya kusema. Tena mtu akizeeka, kiu inapungua. Kwa hiyo mpe maji kidogo kidogo mchana kutwa, hata kama hajaomba. Ukiona hanywi, usimgombeze. Muulize kuna nini."

"Nilimgombeza."

"Basi leo muulize."

Hakuna aliyeona kuwa nyundo ya Faridi ilikuwa imenyamaza. Dirisha lilikuwa wazi, naye alikuwa amesikia yote tangu bibi alipoanza kusema. Aliikumbuka siku ile vizuri. Alimsikia mama mkwe akiita mara ya kwanza, akainuka. Alimsikia mara ya pili, akatazama mlango wa choo. Kisha alichukua baiskeli ya mteja, akatoka nayo mpaka barabarani. Alijiambia kwamba anamwachia mama heshima yake. Hakumwambia mtu.

Jumamosi watu wa kujitolea walikuja, wanaume wanne na wanawake watatu. Hawalipwi. Kila Jumamosi hutengeneza nyumba moja, au njia moja ambayo wazee hupita. Aliyewaongoza ni Silvanus, fundi seremala. Alibeba kiti imara chenye mikono, kimetobolewa katikati ili kikae juu ya tundu la choo.

"Hiki nilikiona kwa dada yangu Ruangwa," alisema. "Nikakikalia. Nikawaza, kumbe miaka yote hii nilikuwa naadhibiwa kwa kosa gani?"

Watu walicheka. Bibi naye alificha mdomo kwa kanga.

Kabla ya kupigilia msumari wowote, Silvanus alimuuliza, "Bibi, mkono gani una nguvu?"

"Wa kushoto."

Basi waliweka nguzo na mti wa kushikilia upande wa kushoto, kutoka mlangoni mpaka chooni. Ile ngazi ya juu waliigawa kuwa mbili fupi. Kando ya njia walijenga uzio wa mianzi, ili anayepita asionekane. Faridi alihamisha vyuma vyake vyote mbele ya nyumba bila kuambiwa. Kisha akachukua sururu, akachimba bila kupumzika.

"Fundi, inatosha," Silvanus alisema. "Tunataka shimo la nguzo, siyo kisima."

Faridi hakucheka.

Jioni hiyo Raudha alimwosha mama yake miguu. "Mama, nisamehe," alisema. Bibi alimshika kichwa, wakakaa hivyo.

Baada ya wiki mbili jagi lilikuwa linakwisha kabla ya adhuhuri, na bibi ndiye aliyedai lijazwe. Aliwaambia pia wale wa kujitolea kwamba mzee Twaha, jirani yao, ameacha kwenda msikitini kwa sababu ya mtaro. Jumamosi iliyofuata waliweka daraja la mbao lenye kishikio. Waliweka na benchi nusu ya njia ya zahanati, wazee wapumzike. Raudha alibeba mbao pamoja nao.

Faridi tu ndiye aliyekuwa hana raha. Alimwamkia mama mkwe kila siku na kuondoka haraka.

Alasiri moja Raudha alikuwa sokoni. Bibi alikuwa anarudi kutoka chooni, mkono wake wa kushoto umeshika mti. Upande wa pili wa uzio Faridi alichuchumaa, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Siku zote mazungumzo yao yaliishia hapo. Leo Faridi hakuinuka.

"Mama, siku ile ulipoita, nilikuwepo. Nilikusikia mara zote mbili. Nikaondoka."

Bibi alisimama. "Najua," alisema polepole. "Niliisikia baiskeli ikitoka."

Mianzi ilikuwa katikati yao, hawakuonana nyuso.

"Nilijiambia ni heshima," alisema. "Haikuwa heshima, mama. Niliona aibu, nikakuacha pale chini. Ukiita tena, nitakimbia kumwita mwanamke wa jirani. Asipokuwepo, nitaingia mwenyewe nikuinue."

"Nitaita, baba," bibi alisema.